Mhunzi Aliyekataza Chuma Nyumbani Mwake

Hapo zamani, katika mji wa Vingama, palikuwa na mhunzi aliyeacha uhunzi asubuhi moja, moto ukiwa umeshawaka. Jina lake lilikuwa Mdoe. Majembe yote ya Vingama alifua yeye, mashoka yote alifua yeye. Mtu akiangusha mti mkubwa akasifiwa, alijibu, "Msifuni Mdoe, mimi nimeinua mkono tu."

Asubuhi hiyo mkewe, Mwajabu, alikuwa na mtoto wa siku saba. Alikuwa wa kwanza, na baadaye ikajulikana kuwa ndiye wa mwisho. Walimwita Sekiete. Desturi ya mji ilikuwa mtoto akitimiza siku saba apigiwe ramli, kwa hiyo akaja mpiga ramli, Chambegha, na ubao wake na mchanga wake. Akamwaga mchanga, akachora, akafuta, akachora tena. Kisha akasema:

"Mtoto huyu atamwaga damu ya baba yake."

Mwajabu akamtazama mtoto. "Huyu? Hata titi hajaliona vizuri."

Wapo watu wakiambiwa neno kama hilo huuliza, "Na dawa yake ni nini?" Mdoe hakuwa mtu wa kuuliza. Alikuwa mtu wa kutengeneza mambo kwa mkono wake mwenyewe. Aliinuka, akaenda kwenye kiwanda chake, akamwagia moto maji. Akabeba nyundo akaitupa mtoni, kwenye kina. Akabeba koleo akalitupa mtoni. Akabeba majembe, mashoka, visu vya jikoni, vyote akavitupa mtoni. Kazi hiyo ilimchukua siku tatu. Siku ya tatu alikuwa akitupa sindano.

Alipomaliza alimwambia mkewe, "Chuma hakiingii tena nyumba hii. Na mtoto asiambiwe kwa nini. Akiambiwa atakaa akiliwaza neno hilo, na sitaki aliwaze. Niapie."

Mwajabu hakuamini ramli, lakini alimpenda mumewe. Akaapa.

Basi Mdoe akawa msuka mikeka. Alisuka vibaya mwaka wa kwanza, akasuka vizuri mwaka wa pili. Mwajabu akipata boga alilibeba kichwani mpaka kwa jirani, likakatwa huko, akarudi nalo vipande. Akipata kuku alimpeleka kwa jirani. Majirani walicheka kwa mwaka mmoja, wakazoea, wakaanza kumwachia kisu mlangoni kwao bila kuuliza. Sekiete alipopelekwa jandoni, Mdoe alisimama nje mpaka ngariba akatoka, akamwomba amwonyeshe kisu, ajue hakikubaki ndani, kisha ndipo akaenda kukaa.

Mtoto alipokuwa na miaka sita aliuliza, "Baba, mbona kwetu hakuna kisu?"

"Kwa sababu hakuna."

Alipokuwa na miaka kumi aliuliza tena, na jibu likawa lile lile. Baada ya hapo hakuuliza. Watoto wenzake walikwenda msituni kukata fito, yeye akakaa na baba yake akinyoosha ukindu. Alikua kijana mrefu, mpole, mwenye mikono laini kama ya mtu anayeugua. Walikuwa wakipendana, yeye na baba yake. Hilo nalisema mapema, lisije likasahaulika.

Sekiete alipofika miaka ishirini na mbili alimpenda Mboni binti Semkiwa, na Mboni akampenda. Wazee wa pande mbili wakakubaliana. Lilibaki jambo moja. Katika Vingama bwana harusi huangusha mti mmoja mbele ya wakwe zake, na mti huo ndio hutolewa miimo ya mlango wa nyumba mpya. Mdoe akatuma ujumbe kwa Semkiwa: "Mwanangu mkono wake mbovu. Pokea mbuzi watatu, mti aukate mwingine."

Semkiwa akajibu, "Mbuzi ninao. Nataka kumwona mkwe wangu akikata mti. Asipokata, binti yangu anabaki kwangu."

Sekiete alipoyasikia hayo hakula siku mbili. Siku ya tatu mama yake aliondoka alfajiri, akasema anakwenda kumwona dada yake. Hakwenda kwa dada yake. Alikwenda gulioni, ng'ambo ya kilima, akanunua shoka. Akalifunga ndani ya kanga, akarudi nalo, akamkabidhi mwanawe nyuma ya ghala.

"Zimebaki siku kumi kufika siku ya mti," alimwambia. "Nenda bondeni, kajifunze. Baba yako asijue."

"Kwa nini asijue, mama?"

"Kwa sababu atakuzuia."

"Kwa nini atanizuia?"

Mwajabu akakumbuka kiapo chake. "Nenda," akasema.

Kilikuwa kiangazi, na kiangazi mpini wa shoka hukauka, ukasinyaa, ukalegea. Kila mtoto wa Vingama alijua kwamba kabla ya kukata ni lazima uloweke shoka majini, mpini uvimbe, uubane mkia wa chuma. Ni jambo la kujulikana tu, kama kupuliza uji wa moto. Hakuna anayemfundisha mwenzake. Sekiete hakulijua.

Siku ya kwanza shoka lilimrukia nusura limkate mguu. Siku ya pili alikata gome. Siku ya nne mti mdogo ulianguka, akakaa juu yake akacheka peke yake. Siku ya sita akachagua mti mkubwa.

Siku hiyo ya sita Mboni alikuja kwa kina Mdoe na kibuyu cha maziwa. Alimkuta baba mkwe wake amekaa na mkeka ambao haukuwa umeongezeka hata ukindu mmoja tangu asubuhi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Alimwonea huruma. Alitaka kumpa neno la kumfurahisha, na neno la kumfurahisha alikuwa nalo. "Baba, usihuzunike kwa ajili ya ule mti. Sekiete anajifunza. Yuko bondeni na shoka, leo siku ya sita. Nimesikia mlio wake nikija, anakata vizuri."

Mdoe aliinuka. Akaenda hatua chache kwa mwendo wa kawaida, kisha akakimbia. Mboni alidhani anakimbia kwa furaha.

Bondeni Sekiete alikuwa ameinua shoka. Akasikia nyuma yake, "Acha! Sekiete, acha!" Akageuka na shoka liko juu, mikono ikateremka hata hivyo, na chuma kikachomoka kwenye mpini. Kikampata Mdoe pajani, juu, penye mshipa mkubwa.

Sekiete alikimbia akamshika. Akavua shuka yake akaifunga penye jeraha, shuka ikalowa. Mdoe alitazama mpini mtupu pale chini, kama anavyotazama fundi kazi ya fundi mwingine.

"Hukuuloweka," alisema.

"Kuloweka nini, baba?"

Mdoe alifumba macho. Akamwambia kile alichokificha miaka ishirini na miwili, kwa maneno machache, kwa sababu hakuwa na muda wa maneno mengi. Kisha akasema, "Shika karibu na kichwa cha mpini unapoinua. Mkono uteleze kwenye mpini shoka likishuka." Akafa.

Sasa, Vingama walikuwa na desturi nyingine. Mtu akifa kwa mkono wa mtu, jivu la jiko lake hutiwa mtungini, na mwenye kosa huubeba mtungi huo akatoka mjini kwa njia ya mashariki. Harudi mpaka ipite miaka saba. Mtungi ni mmoja na huubeba mtu mmoja. Usipobebwa, matanga hayaondolewi, jiko la marehemu haliwashwi, na hakuna ndoa wala mavuno katika mji.

Jumbe wa Vingama, Kilango, aliitisha baraza. Alikuwa mtu hodari wa mabaraza. Miaka kumi na minane alikuwa amewahukumu watu wanaokana, na alikuwa na mbinu za kila namna za kumbana anayekana. Akaweka mtungi katikati, akauliza, "Nani anasema si yeye?"

Kisha Sekiete akasimama.

"Mtungi ni wangu," alisema. "Shoka lilikuwa mikononi mwangu. Na zaidi ya hilo, nilimsikia. Alisema acha mara mbili. Mara ya kwanza ningeweza kuacha. Nilikasirika. Nilisema moyoni, maisha yangu yote nimeacha, leo nakata mara moja zaidi aone. Nilipogeuka mikono ilikuwa bado inataka kukata. Nipeni mtungi."

Mwajabu akasimama. "Kaa chini, mwanangu. Mtungi ni wangu. Wewe ulikuwa hujui kitu, mimi nilijua yote. Niliambiwa atamwaga damu ya baba yake, nikaenda kwa miguu yangu kununua chuma, nikamtia mkononi. Nilisema ramli ni upuuzi. Hata kama ni upuuzi, shoka si upuuzi. Nilimpa mtu mzima shoka kana kwamba amekua kama wengine, nikasahau kwamba sisi wenyewe ndio tuliomkuza asijue kuloweka mpini. Sentensi moja ingetosha. Sikuisema. Nipeni mtungi."

Mboni akasimama, na baba yake akamvuta nguo, naye akaiachia nguo ivutwe. "Mtungi ni wangu. Siku tano alikata peke yake na hakufa mtu. Shoka lilikuwepo, mpini ulikuwa mkavu, ramli ilikuwepo, na hakufa mtu. Nilikwenda mimi nikamwambia mzee, akakimbia. Aliyempeleka mbele ya shoka ni mimi. Niliambiwa na Sekiete ni siri, nikaitoa ili nipendwe na baba mkwe. Nipeni mtungi."

Jumbe Kilango akasema, "Ngojeni." Kwa wanaokiri hakuwa na mbinu yoyote.

Ndipo akasimama Chambegha, mpiga ramli, ambaye sasa alikuwa mzee wa kutembea na fimbo. "Kaeni nyote. Mtungi ni wangu. Siku ile sikuona kitu."

"Hukuona kitu vipi?" Jumbe aliuliza.

"Mchanga haukusema. Siku nyingi hausemi. Lakini mpiga ramli akisema mchanga umenyamaza, anarudi nyumbani na njaa. Nilisema neno zito ili Mdoe aniulize dawa. Dawa ilikuwa mbuzi mweupe, nami ningemla. Hakuuliza. Aliinuka akaondoka. Nilimfuata mpaka mtoni nimwambie, nikamkuta anatupa nyundo. Nikaona haya. Nikasema nitamwambia kesho. Miaka ishirini na miwili nimesema kesho."

Watu wakanong'ona. Kisha mtu mmoja akasema kwa sauti, "Mzee, ulisema atamwaga damu ya baba yake. Imemwagika. Uongo uko wapi?"

"Nilidanganya!"

"Umedanganya kitu kikawa kweli?"

"Kimekuwa kweli kwa sababu kiliaminiwa! Mdoe asingeacha uhunzi, kijana angeshika shoka tangu utotoni, asingemuua mtu!"

"Hayo ndiyo wanayosema waonaji wakubwa," mtu yule akawaambia wenzake. "Hawapendi kujisifu." Na pale pale barazani mwanamke mmoja akamsogelea Chambegha, akamuuliza kwa heshima kama angeweza kumtazamia ng'ombe wake aliyepotea.

Chambegha akaketi akalia. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusema ukweli kuhusu kazi yake, na hakuna aliyemwamini.

Dada yake Mdoe alikuwa amekaa nyuma. Alisema, "Na ndugu yangu je? Alikuwa mhunzi. Katika nchi nzima alikuwa ndiye mtu wa kumfundisha mtoto chuma kisimdhuru yeyote. Aliogopa, akamwacha mtoto mjinga wa kitu kimoja tu. Sisemi abebe. Nasema ahesabiwe."

"Maiti habebi mtungi," Jumbe alisema.

"Najua habebi," akajibu yule dada. "Nasema ahesabiwe."

Jumbe aliinama akafikiri. Akimtoa Sekiete, Mboni atamfuata njiani, na Mwajabu atabaki katika nyumba isiyo na mtu. Akimtoa Mwajabu, ni mjane wa juzi asiye na pa kwenda, na miaka saba kwake ni kifo. Akimtoa Mboni, atakuwa amemfukuza binti kwa kosa la kumpelekea mzee habari njema. Akimtoa Chambegha, mji utasema Jumbe amemfukuza mwonaji kwa kosa la kuona.

"Nimeshindwa," alisema Jumbe Kilango. Watu walioishi miaka mingi Vingama wanasema hilo neno hakuwahi kulisema kabla. "Kesi ya mwizi nileteeni. Hii amueni ninyi."

Basi wakawaachia wenyewe. Wanne wale wakausogelea mtungi, kila mmoja akimwomba mwenzake asiuguse. Sekiete alimsihi mama, mama alimsihi Mboni, Mboni alimsihi mzee, mzee hakuweza kusema kwa kilio. Jivu la jiko la Mdoe lilikuwa bado na uvuguvugu.

Mmoja wao aliubeba, akatoka kwa njia ya mashariki, na Vingama wakawasha tena jiko. Jina lake nalijua. Silisemi, maana nikilisema mtakubaliana nami kwa uvivu, na mimi sikuja kutafuta wa kukubaliana nami.

Kwa hiyo ninyi mliokaa hapa, mliomsikia kila mmoja kwa kinywa chake: mwana aliyesikia "acha" akashusha mkono, mama aliyejua akanyamaza, binti aliyetoa siri ili apendwe, na mzee aliyesema asichokiona. Je, nani alistahili kuubeba mtungi?