Shikamoo ya Ukutani

Paukwa!

— Pakawa!

Nyinyi wa nyuma hamjala, mbona sauti hazitoki? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Hapo kale, huko ambako mvua ilikuwa habari ya kusimuliwa tu, palikuwa na kijiji mdomoni mwa korongo. Nyuma jangwa, mbele jangwa, na korongo likapasua katikati, kuta zake ndefu, nyekundu pyu. Ndani kabisa mlikuwa na pango. Na ukutani mwa pango walikuwamo watu na wanyama, wamechorwa na mababu ambao hata babu zetu hawakuwajua.

Kijiji kilikuwa na desturi yake. Ukioa, wewe na mkeo mnakwenda kuwaamkia wa ukutani. Mnasema, "Shikamooni." Halafu mnakaa kimya. Macho yakishazoea giza, picha zinajitokeza, moja, moja, moja. Hiyo ndiyo marahaba yao.

Wa kuwapeleka alikuwa Bibi Nyamizi. Jamani, mwanamke yule! Mgongo umepinda, na bado vijana wanahema nyuma yake. Tapa, tapa, tapa, juu ya mawe. Akikuambia kanyaga hapa, unakanyaga hapo hapo. Hakuwahi kumpoteza mtu.

Basi Ngasa akaoa. Kijana mzuri Ngasa, mwindaji, ila haraka! Uji aliunywa ukiwa unachemka, kisha akaulaumu uji. Mkewe, Mbuke, alicheka tu.

Wakaondoka alfajiri, Ngasa kabeba kibuyu cha maji ya kwenda na kurudi. Tapa, tapa, tapa. Jua likapanda. Mchanga ukawaka. Wakaingia pangoni.

"Shikamooni!" Ngasa akapaza sauti.

Kimya, ji!

"Bibi, sioni kitu."

"Kaa, mjukuu wangu."

"Nimekaa. Sioni."

"Kaa."

Ngasa hakukaa. Aliona vumbi ndilo linalomficha picha, na vumbi dawa yake maji. Akazibua kibuyu. Chwaa! Lo, rangi ikawaka! Mwanamke akatokea ukutani, utadhani amechorwa jana.

"Si mnaona!" Ngasa akacheka. Chwaa tena, mpaka tone la mwisho.

Ndipo yule mwanamke akaanza kutiririka. Kichwa, tiri. Mabega, tiri. Miguu, tiri, tiri, tiri. Pakabaki doa.

Bibi Nyamizi hakugombeza. Alikuwa anamtazama Mbuke. Midomo ya Mbuke imepasuka kwa kiu. Nyumbani ni mbali, na jua ndiyo kwanza liko utosini. Mbuke akaanguka.

"Bibi, mke wangu atakufa." Sasa sauti ya Ngasa ilikuwa ndogo.

"Kaa."

Safari hii Ngasa akakaa.

Bibi akautazama ukuta. Akautazama. Akautazama.

"Ngasa, rangi hii ilikorogwa na nini?"

"Na maji, Bibi."

"Na nani angebeba maji kutoka kijijini kwetu aje akorogee rangi huku?"

Ngasa akakitazama kibuyu kitupu.

"Wanyama wote wale wameinamisha vichwa upande mmoja," Bibi akasema. "Na mimi miaka yote nadhani wanakula majani! Chimba pale, chini ya mwamba."

Ngasa akachimba kwa mikono. Fuku, fuku. Mchanga mkavu. Fuku, fuku. Mchanga mkavu. Kucha zikatoka damu. Fuku, fuku. Mchanga wa baridi! Fuku, fuku. Mchanga mbichi! Maji yakachuruzika, machache, ya tope. Bibi akayachuja kwa upindo wa nguo yake, akamnywesha Mbuke.

Mbuke akafumbua macho, akatazama juu.

"Bibi, wameitikia! Nawaona. Ni wengi!"

Ngasa hakuwatazama. Alilitazama doa.

"Niliyemfuta alikuwa nani?"

"Mwanamke aliyebeba maji kichwani," Bibi akamjibu.

Ngasa akalia, na hakuona haya.

Bibi Nyamizi aliendelea kuongoza watu mpaka miguu ikakataa. Siku hiyo akamkabidhi Ngasa fimbo. Watu wakaguna, "Huyu? Huyu aliyefuta?"

Bibi akawajibu, "Huyu hatamwacha mtu aoshe."

Na hakumwacha mtu. Alikuwa akifika na maharusi, kwanza analielekea doa. "Shikamoo, mama." Kisha anakaa. Picha nyingine zote zinajitokeza, moja, moja, moja. Doa haliitiki. Ngasa anakaa tu.

Kisima cha pangoni wakakiita Nyamizi, na kila aliyekunywa alisema, "Asante, Bibi." Nami ningekunywa, ningesema.

Mmesikia, wanangu? Waliotutangulia hawaitiki kwa haraka yetu. Ukiwasalimu, kaa.

Hadithi yangu nimeifikisha mlangoni mwa pango, naiacha hapo. Atakayeingia aanze na shikamoo.