Darasa la Nyayo

Paukwa!

Pakawa!

Haya, kaeni. Na nyinyi wazazi sogeeni, hadithi hii si ya watoto peke yao.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na shule. Mwalimu wao alikuwa Nungunungu. Usiku alichimba mizizi ili ale. Mchana alifundisha. Kulala alilala lini? Hata yeye hakujua. Alichoka, alichoka, alichoka.

Somo lilikuwa moja tu, kusoma nyayo. Kiangazi kilikuwa njiani. Kikifika, mama zao wangekwenda mbali kutafuta majani, na watoto wangeshuka mtoni peke yao. Asiyejua nani kapita njiani angeliwa. Ndiyo maana ya shule ile.

Kila asubuhi Nungunungu alichora nyayo mchangani kwa mwiba wake, kwrr, kwrr. Kisha akagusa unyayo wa kwanza.

"Huu wa nani?"

"Wa Chui!"

"Na huu?"

"Wa Fisi!"

"Na huu?"

"Wa Mamba!"

Kila siku hivyo hivyo. Chui, Fisi, Mamba. Mbuni, mkuu wa shule, akipita akisikia alifurahi, shingo ikarefuka. "Hili ndilo darasa," alisema. "Darasa kimya limelala."

Siku moja upepo ukavuma, vuuu, ukafuta michoro yote. Nungunungu hakuona, macho yalikuwa mazito. Akagusa mchanga mtupu.

"Huu wa nani?"

"Wa Chui!"

"Na huu?"

"Wa Fisi!"

Nungunungu akatazama chini. Akatazama tena.

"Wanangu, mmesoma nini?"

"Nyayo, mwalimu."

"Zipi?"

Ngedere akajikuna. "Si zile za kila siku?"

Nungunungu akakaa chini, akataka kulia. Miezi yote ile walikuwa wakiimba. Hakuna aliyesoma. Na majani yalishaanza kukauka.

"Leo sichori," akasema. "Sina nguvu. Nendeni mkakanyage mnapotaka. Halafu kila mtu afuate nyayo za mwenzake. Aje aniambie nani kapita, alikuwa anakwenda wapi, na alikuwa na haraka au la."

Akalala hapo hapo.

Watoto wakatawanyika. Pua chini, macho chini. "Hapa Sungura karuka." "Hapa Ngedere kaogopa, karudi nyuma." Wakapenda. Kesho yake wakaanza kufichiana matunda. Akanyagaye huficha tunda mwisho wa nyayo zake, asomaye mpaka mwisho hulila. Wengine walilala njaa siku mbili tatu, kisha nao wakajua.

Mbuni akapita. Kimya.

"Mwalimu, mbona sisikii kitu?"

"Wanasoma, mkuu."

"Mimi sisikii."

"Kusoma hakusikiki, mkuu."

Mbuni akakasirika, manyoya yakamsimama. "Kesho nawapeleka mtoni mwenyewe. Nikiuliza wasipoitika, utafute kazi nyingine."

Nungunungu hakubishana. Kubishana nako ni kazi.

Asubuhi wakaenda. Mbuni mbele, watoto nyuma, koo zimekauka. Karibu na matete, kwenye tope, wakakuta unyayo.

"Huu wa nani? Someni kwa sauti."

Hakuna aliyeitika. Wote walikuwa wameinama.

"Nimesema kwa sauti."

Mtoto wake mwenyewe akamvuta bawa. "Baba, nyamaza."

Mbuni akainamisha ile shingo ndefu, akatazama. Akaona kishimo chenye maji. Basi. Alipokuwa mdogo aliimba kuliko wenzake wote, akasifiwa, akapewa ukuu. Kusoma hakuwahi kusoma.

"Mwanangu," akanong'ona, "panasema nini?"

"Panasema Chui, baba. Maji bado yanaingia ndani ya unyayo, kapita sasa hivi. Na hakwenda kunywa. Kageukia matete. Anatungoja."

Matete yakafanya shwaa.

Wakarudi nyuma polepole, tapu, tapu, bila neno. Chui akangoja, akangoja, na tumbo lake tupu.

Walifika shuleni na kiu, lakini walifika wote. Mbuni akasimama mbele ya Nungunungu, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, naomba na mimi nianze."

Nungunungu akafungua jicho moja.

"Wamerudi wote?"

"Wote."

"Kaa nyuma ya mwanao. Yeye atakuonyesha."

Akalifunga jicho, akalala.

Basi wenzangu, mtoto anayeimba maneno bado hajasoma. Mpe kitu anachotaka kukijua, umwache ainame akitazame kwa macho yake mwenyewe. Na mwalimu wake akichoka, mwacheni apumzike.

Hadithi yangu imeishia hapo ilipofika, nami nakwenda kulala.