Kibaba Kilichokuwa Kikinywea

Hapo Sultani Harithi bin Ghaithi alipokuwa akiutawala mji wa Zumrudi, uliozungukwa na ukuta na kisha jangwa, ghala la mtama lilikuwa na mpimaji mmoja aitwaye Shaame, mgane wa makamo, mwenye kitambi kilichomtangulia kila mlangoni, na mwenyewe akiapa kwamba kitambi hicho ni cha urithi, si cha wizi.

Kila kinywa mjini kilipimiwa kibaba kimoja cha mfuto, kilichosawazishwa ukingoni, kwa siku, na ndani ya kibaba hicho cha mpingo alifungwa jini, mtiifu kwa mpimaji. Mtoto akizaliwa, mpingo ulilia kwi! na kibaba kikanywea kiasi cha unywele. Jeneza likipita, kikatanuka. Baada ya tauni ya utotoni mwa Shaame kibaba kilikuwa kama ndoo, na watu wakala wakasaza, hata paka wakaacha kukimbia, na vijana wakaoa mapema, na nyumba zikajaa watoto, na sasa kibaba kilikuwa sawasawa na kikombe cha kahawa.

Adhuhuri moja Sultani akasimama mlangoni mwa ghala.

"Shaame, raia wananung'unika. Mwamuru jini wako akitanue kibaba."

"Labeka, maulana," akajibu Shaame, ambaye roho yake haikuwa hapo, kwa kuwa bintiye Ruzuna alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri. Akainamia kibaba. "Ewe uliyemo, tanua."

Sauti ikapanda, baridi kama ya kisimani. "Nasikia na kutii, bwana wangu. Neno ni moja: Punguza. Litamke, na kabla ya kesho kutwa nusu ya nyumba zitanyamaza."

"Ala! Nani kakufundisha neno hilo?"

"Baba yako alilitamka, alipokuwa mpimaji, mwaka wa tauni. Alama ya gumba lake hiyo hapo ukingoni."

Shaame akaitazama, na akakumbuka bakuli sita za nduguze waliokufa kwa tauni, ambazo mamake aliziosha kila Ijumaa ingawa hapana aliyekula ndani yake. Akakishika kitambi chake, na kikawa kizito.

"Sema!" Sultani akafoka.

"Jini," Shaame akauliza, "ikulu nayo hupimiwa na nani?"

"Haijapimwa kamwe. Huchota kwa pakacha."

"Basi kaipime."

Kicheko kikadondosha vumbi la dari. "Miaka mia tatu nangoja kuamriwa hivyo!"

Na milango ya ikulu ikafunguka yenyewe, na mtama ukavuka njia hadi ghalani bila mikono ya kuubeba, hata ule wa tausi, na mbele ya Sultani kikabaki kikombe kimoja, cha mfuto. Siku ya tatu, njaa ikimuuma, Sultani akautoa msitu wake wa kuwindia, uliokuwa ndani ya ukuta, ulimwe, na akapitisha amri kwamba hapana kijana kuoa kabla hajafungua shamba lake.

Shaame, ambaye shamba alifungua kwa kuhema zaidi kuliko kulima, akamwoa mkunga aliyempokea mjukuu wake, na wakaishi kwa neema. Na funzo lake ni hili: atakaye watu wapungue, na apimiwe yeye kwanza.

Mjukuu alipokua kidogo, alikunywa uji katika mojawapo ya zile bakuli sita. Lakini kila mpingo ulipolia kwi! Shaame aliacha kutafuna, kwani sauti ilimfuata hadi jamvini, kwa adabu zote:

"Neno bado lipo, bwana wangu."