Sarafu za Bi Tunu kutoka Maskati

Sogeeni karibu. Hadithi hii haina zimwi wala mfalme. Ina mama mmoja wa Tanga, watoto watatu wa kaka zake, na mfuko wa sarafu za fedha. Na nikisema fedha leo nina maana ya madini yenyewe, yale meupe yanayofuliwa bangili, si noti. Nitasimulia mpaka mwisho, halafu hukumu nitawaachia ninyi, kwa hiyo anayetaka kusinzia akanawe uso kwanza.

Mama huyo aliitwa Bi Tunu Mhando, mkazi wa Ngamiani, jirani yangu. Mumewe alikuwa ameshafariki, na wao wawili hawakujaliwa mtoto, lakini watoto wa kaka zake walikulia mikononi mwake, wakala na kulala kwake mpaka wakawa hawajui nyumba yao ni ipi.

Mkubwa alikuwa Kidawa, na Kidawa alijaliwa sikio. Utotoni alishinda kwenye kibanda cha mjomba wake, sonara wa mtaani, akidondosha vipande vya fedha sakafuni na kusikiliza vinavyolia. Alipokua aliweza kukwambia kwa mlio peke yake kama pete ni fedha tupu au imetiwa shaba. Wanawake wa mtaa hawakununua kidani kabla hajakigonga.

Wa pili alikuwa Mbaruku, na Mbaruku alijaliwa ulimi. Aliwahi kuwa dereva Maskati, akarudi na Kiarabu safi, lakini hata kabla ya Kiarabu ulimi huo alikuwa nao. Ungemkalisha na mtu aliyevimba kwa hasira, na kabla chai haijapoa ungewakuta wanaulizana habari za wazazi.

Wa tatu, Asumini, kipaji chake ni kigumu kukisifu maana kuna siku kilikuwa kinaudhi. Hakusema uongo. Hata ule mdogo wa kumwambia mgeni aongeze chakula, kipo tele, yeye alishindwa. Na akishasimama kwenye jambo, hasogei.

Sasa Bi Tunu aliuza kiwanja chake cha Pongwe, akapata pesa nzuri, na usingizi ukamtoka. Alikumbuka noti alizofungia mumewe kwenye sanduku miaka ya zamani. Siku zilipotolewa hazikutosha hata kununua baiskeli. Bibi yake, kwa upande mwingine, alikuwa na reale za fedha, sarafu za kale, alizozichimbia chini ya kitanda, na kwa hizo aliwajengea nyumba watoto wake wote. Bi Tunu akasema hataki noti tena. Anataka fedha, za sarafu, zinazohesabika na kushikika. Tanga alizunguka akapata mapambo tu. Mbaruku akamwambia Maskati zipo, tena zimepigwa muhuri wa uzito wake.

Bi Tunu alikuwa na fremu moja ya duka barabarani, iliyokuwa imepangishwa, na mpangaji wake alikuwa anakaribia kuhama. Kila mmoja wa wale watatu aliitamani. Kidawa alitaka kufungua kazi ya usonara, Mbaruku kuuza manukato, Asumini kuoka mikate. Basi akawaita, akawapa pesa za kiwanja ndani ya mfuko aliomkabidhi Asumini, akasema, "Nendeni pamoja. Atakayenifikishia fedha yangu hapa nyumbani, fremu ni yake."

Mbaruku akauliza kama hawawezi kuichukua wote watatu. Bi Tunu akakataa. Marehemu mumewe alifungua duka na ndugu zake, wakaishia mahakamani, na wawili kati yao walikufa hawasalimiani. "Nitampa mmoja," alisema, "na wengine wawili nitawapa dua."

Wakasafiri. Maskati walipokewa na duka kubwa lenye taa nyingi, na muuzaji aliyewaita ndugu kabla hawajakaa. Bei yake ilikuwa chini kuliko ya wote sokoni. Mbaruku alifurahi, na Asumini hakuona kosa lolote. Kidawa akaomba sarafu moja, akaiweka kwenye ncha ya kidole, akaigonga kwa nyingine. Ililia vizuri, mlio mrefu. Akachota nyingine kutoka chini ya boksi. Ile ikatoa mlio mfupi, mzito, kama kijiko kwenye sufuria yenye maji. Ya tatu hivyohivyo. Za juu zilikuwa fedha, za chini zilikuwa madini ya risasi yaliyopakwa fedha.

Muuzaji alimwona anavyosikiliza. Akatoa bangili nene ya fedha, fedha kweli, akamvisha mkononi, akasema ni zawadi ya mgeni. Kidawa aliitazama ilivyomkaa. Aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kuvaa kitu kizuri kama kile. Akaivua, akaiweka mezani taratibu, akawaambia wenzake kwa Kiswahili, "Twendeni. Hapa tutamrudishia shangazi mawe."

Bila Kidawa, kiwanja cha Pongwe kingeishia pale.

Wakazunguka mpaka wakachoka. Kesho yake ilikuwa siku ya kurudi. Mwisho wakaingia kwenye kiduka cha mzee mmoja, Bwana Khalfani, aliyekuwa na sarafu za kutosha. Kidawa akachukua ya kwanza na kuigonga. Ilikuwa safi. Akagonga ya pili, ya tatu, ya nne. Bwana Khalfani akasimama. Alisema kwa Kiarabu kwamba tangu enzi za baba yake hakuna mteja aliyempima kama mwizi, akaanza kufunga makabati, akawaonyesha mlango.

Kidawa na Asumini walikuwa wameshashika mikoba. Mbaruku hakunyanyuka. Aliomba radhi kwanza, bila kujitetea. Kisha akaomba maji ya kunywa, na mtu mstaarabu hamnyimi mgeni maji. Akinywa polepole akamsimulia habari za shangazi yao: sanduku la noti, baiskeli isiyonunulika, reale za chini ya kitanda. Akamweleza na yale ya duka la asubuhi, kwamba dada yake anagonga kwa sababu ameumwa na nyoka leo hiihii.

Mzee akakaa. Akauliza hiyo Tanga iko mbali gani na Wete, na safari hii aliuliza kwa Kiswahili, Kiswahili cha Pemba cha zamani, kwa sababu mama yake alizaliwa huko. Kutoka hapo hawakuzungumzia biashara kwa muda mrefu. Walizungumza habari za mama. Mwishowe Bwana Khalfani akaleta kigae cha marumaru, akakiweka mbele ya Kidawa, akamwambia agonge zote, moja baada ya moja. Na bei aliyowapa ilikuwa ile aliyonunulia mwenyewe, hata pesa zikabaki.

Bila Mbaruku, wangerudi na noti zilezile walizoondoka nazo.

Njiani kurudi ndipo walipogombana. Mbaruku alikuwa amenunua maboksi ya tende, na akataka sarafu zifichwe ndani yake. Alisema wakizitaja forodhani, kodi itakula chote alichokiokoa kwa mzee. Kidawa alikubaliana naye. Asumini akasema kuleta fedha si kosa, kosa ni kuificha, na yeye hatajibu uongo akiulizwa. Mbaruku akamwambia basi asiulizwe, apite mbele na begi la nguo. Lakini mfuko ule, ambao sasa ulikuwa na sarafu, Bi Tunu alikuwa amemkabidhi Asumini, na Asumini aliupakata tangu ndege iliporuka mpaka ilipotua.

Mezani kwa ofisa hakungoja kuulizwa. Akauweka mfuko juu, akasema, "Hizi ni sarafu za fedha za shangazi yangu. Naomba kujua natakiwa nilipe nini."

Ofisa, mwanamama mwenye miwani, alizitazama muda mrefu. Aliwaweka pembeni, akaita mwenzake, wakapima, wakauliza maswali. Mbaruku aligeukia ukuta asimwone Asumini. Hatimaye wakaambiwa cha kulipa, na kililipwa kwa zile pesa zilizobaki kwa Bwana Khalfani, zote, wakabakiwa na nauli ya basi.

Wakiwa bado wanafunga mfuko, abiria aliyekuwa nyuma yao akaambiwa afungue boksi lake la tende. Chini ya tende mlikuwa na mikufu. Akachukuliwa na mikufu yake, na sikusikia yaliyompata. Maboksi ya Mbaruku nayo yakafunguliwa palepale, moja baada ya jingine, na ndani hakukuwa na kitu ila tende.

Bila Asumini, sarafu zingebaki uwanja wa ndege.

Basi zikafika. Bi Tunu alitandika mkeka chumbani, akazimwaga, akakaa katikati yake kama mtoto. Alizigusa moja moja, akacheka peke yake. Siku hiyo palipikwa pilau, majirani wakaitwa wale bila kuambiwa sababu, na wale watatu waliokuwa hawasemezani tangu uwanja wa ndege wakajikuta wanagombania ukoko kwenye sinia moja.

Baada ya kula akawauliza wenyewe, mbele yangu.

Kidawa alisema bila haya kwamba fremu ni yake. Fedha iliyofika ni fedha kwa sababu ya sikio lake. Vinginevyo ulimi ungenunua risasi na ukweli ungelipia risasi ushuru.

Mbaruku alisema sikio ndilo lililowafukuzisha kwa Bwana Khalfani, na yeye ndiye aliyewarudisha. Na pia, akasema akitabasamu, kodi ya Asumini ililipwa kwa pesa alizookoa yeye. Asumini alisema ukweli, lakini mlipaji alikuwa nani?

Asumini alikusanya vyombo mpaka shangazi yake akamtaja jina. Ndipo akasema, "Mimi sikwenda kutafuta fremu, shangazi, ingawa naitaka. Ulinikabidhi mfuko, nimekurudishia mfuko. Mpe unayemwona."

"Na ungejua kwamba maboksi hayatafunguliwa," Mbaruku akamuuliza, "ungeficha?"

"Hapana," alisema Asumini, na Mbaruku akacheka, kwa sababu alijua ni kweli.

Bi Tunu aliwatazama wote watatu. Aliniambia usiku ule moyo wake ulikuwa umejaa furaha, na kitu kimoja tu kilimkereketa, kwamba alitoa ahadi kwa mtu mmoja na walioitimiza ni watatu. Mpangaji anahama Ijumaa. Kugawa hataki, na ahadi yake hairudishi nyuma.

Haya, mmesikia kila kitu, sikuwaficha. Aliyeitambua fedha, aliyeipata, na aliyeivusha. Kama ufunguo wa fremu ungekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani, na wale wawili ungewaambia nini?