Bi Kindi Awapeleka Wageni Harusini Ng'ambo

Hodi hadithini.

— Karibu, sogea, keti.

Sikuja peke yangu, nimekuja na watu.

— Waingie wote, nafasi ipo.

Wengine wana miba, wengine wana meno.

— Wenye miba wakae pembeni, wenye meno wafunge midomo.

Haya, tumekaa vizuri. Tuanze.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakiposana kwa adabu na kualikana harusi, palikuwa na Bi Kindi. Mwili wake ulikuwa mdogo, miguu yake myepesi, na mkia wake mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Aliishi kwenye mkuyu ulioota ukingoni mwa mto. Akiamka, alipanda juu akatazama ng'ambo. Akitoka kuchuma, alipanda juu akatazama ng'ambo. Akimaliza kula, alipanda juu akatazama ng'ambo. Majirani walidhani anaota jua.

Hakuwa anaota jua. Ng'ambo alikuwako Mwanaidi, mtoto wa marehemu dada yake, ambaye Bi Kindi alimlea tangu hajafumbua macho. Mwaka wa ukame mto ulikauka, watoto wakavuka mchangani kwenda kuokota kokwa upande wa pili. Mara mvua ikanyesha milimani, maji yakashuka, vuuu, mto ukajaa, na Mwanaidi akabaki kulekule. Wenyeji wa ng'ambo walimpokea wakamtunza. Lakini hakurudi tena. Siku nyingine upepo ukitulia, Bi Kindi alimwita kwa sauti yake yote. Siku nyingine kitu kilimjibu. Hakuwa na hakika kama ni Mwanaidi au ni maji tu.

Kwa nini Mwanaidi hakurudi? Kwa sababu pamoja na maji alikuja Mamba.

Mto ule ulikuwa na mawe mawili makubwa, moja upande huu na jingine upande ule, na katikati ya mawe palikuwa na maji marefu. Mamba alijilaza hapohapo, kidevu juu ya jiwe hili, mkia juu ya jiwe lile. Msafiri akija, kinywa hufunguka, kwaaa. Msafiri akipita, kinywa hufungwa, kwapu. Na si kwamba alikuwa na njaa. Hata akiwa ameshiba alimeza, asije akajuta kesho. Aliwatangazia watu wote sheria yake: wakija wawili, mmoja ni wake, wakija wengi, wanono wote ni wake.

Basi siku moja Ninga, yule njiwa wa kijani, akaja kutoka ng'ambo na habari. Mwanaidi ameposwa. Mchumba ni kijana mpole wa msitu wa mikoche. Harusi ni mwezi ukiwa mpevu, na ndugu na majirani wote wa upande huu wamealikwa.

Ninga akaongeza, "Bibi harusi amewekwa ndani. Wamemwambia watamtafutia somo wa hukohuko wa kumfunda na kumtoa nje. Amekataa. Amesema, mama mdogo ndiye atakayenitoa. Asipokuja, sitoki."

Bi Kindi alipanda juu akatazama ng'ambo, na safari hii alitazama mpaka macho yakamwasha.

Kulipokucha, wageni walikuwa wamejaa chini ya mkuyu, kila mmoja na swali lake. Na hapa, wanangu, ndipo watu walipomshangaa Bi Kindi. Hakuwahi kukanyaga ng'ambo hata siku moja, lakini alijua kila kitu cha huko. Kila ndege aliyepita alikuwa amemwuliza: huko wanakula nini? Huko wanalala wapi? Kuna baridi? Watoto hucheza wapi? Aliuliza hivyo ili ajue Mwanaidi anakula nini na analala wapi. Sasa ujuzi ule ukawafaa wageni.

Mama Kanga akauliza watoto wake watalala wapi. Bi Kindi akamwambia mikoche ina matawi machache, kwa hiyo wapeleke majani makavu ya kutandika chini, na watoto wavikwe vizuri kwa kuwa umande wa kule ni baridi. Mama Kanga akaridhika. Kisha akauliza, "Na Mamba je?"

"Mamba niachieni mimi," alisema Bi Kindi.

Digidigi, ambaye hata kivuli chake humshtua, akauliza watu wa ng'ambo husalimiana vipi. Bi Kindi akamfundisha: unainamisha kichwa, unangoja wakunuse, hukimbii. Digidigi akajaribu, akakimbia, akarudi, akajaribu tena. Kisha akauliza, "Na Mamba je?"

"Mamba niachieni mimi."

Nungunungu akaambiwa asuke kirago, ajifunike miba atakapokaa na watu. Babu Kobe akaambiwa aanze safari leo hii, kabla ya wote, na asisimame njiani kuzungumza. Babu Kobe akasema yeye hajawahi kumchelewesha mtu. Watu wakatazamana. Kisha naye akauliza, "Na yule Mamba, mwanangu?"

"Mamba niachieni mimi, Babu."

Lakini wageni walipotawanyika, Bi Kindi alikaa peke yake na moyo ukimdunda, tu-tu-tu, kwa maana hakujua kabisa atafanya nini na Mamba. Alijua tu kwamba ng'ambo kuna mlango umefungwa, na nyuma ya mlango kuna mtoto anayemsubiri.

Akafikiri habari za ule mlango. Akafikiri, akafikiri. Kisha akashuka mkuyuni, akaenda mtoni.

"Shikamoo, Bwana Mamba."

"Marahaba. Naona umejileta mwenyewe. Lakini wewe, hata jino moja hulitoshi."

Bi Kindi akamkubalia. Akasema hakuja kuliwa, amekuja kwa habari za harusi. Mamba akacheka, akasema habari za harusi anazo, tena ameona jinsi Mama Kanga alivyonenepa. Bi Kindi akamwuliza kama amewahi kualikwa harusini. Mamba akakiri kwamba hapana, na hajui sababu.

"Ndiyo maana hujui desturi ya kufungua mlango," alisema Bi Kindi kwa upole.

Akamweleza. Bibi harusi hukaa ndani, mlango umefungwa, na wasichana wameuegemea. Watu wa bwana harusi huja na zawadi, hugonga, huomba wafunguliwe. Wasichana husema bado. Watu huongeza zawadi. Wasichana husema bado. Watu huongeza tena, na tena. Wasichana wenye akili hawafungui kwa zawadi ya kwanza, maana anayefungua kwa kidogo, kikubwa hurudi na waliokileta.

"Sasa mlango wa safari hii ni kinywa chako," alisema. "Lakini wewe kila siku uko wazi. Nani anatoa zawadi kwenye mlango ulio wazi?"

Mamba alifunga kinywa, kwapu, ili afikiri. Akaona ni kweli. Maisha yake yote amekuwa wazi, na hakuna aliyewahi kumletea hata ua.

Akauliza, meno yakiwa yamebanana, zawadi kubwa ni ipi. Bi Kindi akasema iko kulekule harusini, inapikwa kwenye masufuria ambayo Mamba hajawahi kuyaona. Kila mgeni atamwekea kidogo puani. Yeye aseme mm-mm. Mgeni atavuka kwenda kumwongezea.

"Atavuka vipi?"

"Juu ya mgongo wako. Tena bila viatu, kwa heshima."

Hayo ya viatu yalimpendeza sana Mamba.

Siku ya safari ikafika. Mama Kanga akatangulia na watoto wake. Akaweka unyoya mmoja juu ya pua ya Mamba, akasema, "Bwana Mlango, tunaomba utufungulie."

Mamba akasema, "Mm-mm."

"Haitoshi? Basi ngoja tukakuongezee." Wakavuka, paka paka paka paka, mama mbele, watoto nyuma.

Akaja Digidigi, akaweka ubua wa nyasi. "Bwana Mlango, naomba unifungulie."

"Mm-mm."

"Haitoshi? Basi ngoja nikakuongezee." Akavuka, tiki tiki tiki, huku amefumba macho.

Akaja Nungunungu, akaweka kipande cha mzizi. "Bwana Mlango, naomba unifungulie."

"Mm-mm."

"Haitoshi? Basi ngoja nikakuongezee." Akavuka, chaka chaka chaka, na katikati ya safari kirago kikamponyoka, na miba miwili ikamchoma Mamba mgongoni. Mamba akatokwa machozi. Akasema, "Mmmm-mmmm," kwa sauti ya juu sana. Bi Kindi akamsifu, akasema hajawahi kuona mlango wenye adabu kama huu.

Akabaki Babu Kobe, aliyefika wa mwisho ingawa aliondoka wa kwanza. Akaweka jani, akaomba, akakataliwa, akapanda. Kuchu. Kuchu. Akapumzika. Kuchu.

Hapo Mamba akapata nafasi ya kufikiri. Akatazama pua yake kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili. Unyoya, ubua, mzizi, jani. Akasema kwa pembe ya mdomo, "Wamekwenda wengi. Mbona hawarudi?"

Bi Kindi akaruka, akatua juu ya pua yake. Babu Kobe alikuwa bado yuko mgongoni, amesimama anatazama mandhari. Bi Kindi akatafuta uongo mwingine akaukosa. Ulikuwa umemwishia wote. Basi akasema kweli.

"Najua kungoja, Bwana Mamba. Sijui kitu kingine kama ninavyojua kungoja. Ukitazama jua, siku haiishi. Tazama mahali pamoja tu, pale atakapotokea. Usijiulize atakuja lini. Jiulize amekula nini leo, amelala wapi, amekua kiasi gani. Ukisikia kitu, usiseme ni maji. Sema huenda ni yeye."

Mamba, ambaye maisha yake yote alikuwa akimeza kila kilichomfikia na hakuwahi kungoja chochote, akasikiliza. Macho yake yakaelekea ng'ambo, yakatulia huko. Hata yeye hakujua ni nani hasa anayemngoja, lakini ghafla alimtaka sana.

Kuchu. Kuchu. Babu Kobe akafika kwenye jiwe la pili.

"Subiri hapo," alisema Bi Kindi. "Nakwenda kuitazama hiyo zawadi kubwa." Na mbio, fyuuu, kutoka puani hadi mkiani, akaruka.

Wenyeji wa ng'ambo wakamwonyesha nyumba ya bibi harusi. Mlango ukafunguliwa, na ndani alikuwa amekaa kindi mmoja mkubwa, mzuri, amejifunika, harufu ya udi imemjaa. Bi Kindi alisimama mlangoni, akamtafuta mtoto. Kwa miaka yote alikuwa amemtunza kichwani mtoto mmoja mwenye mkia mwembamba na goti lenye kovu. Akatazama pembe hii, akatazama pembe ile.

"Mama mdogo," alisema yule mkubwa, "ni mimi."

Bi Kindi akamsogelea, akamnusa utosini. Alikuwa yeye. Akamshika mkono, akamtoa nje kama desturi inavyotaka, na vigelegele vikasikika mpaka mtoni.

Mamba alivisikia. Akajua zawadi inakuja. Akangoja. Jua likazama, likachomoza, likazama. Alipochoka kabisa alifungua kinywa, kwaaa, na unyoya, ubua, mzizi na jani vikaanguka majini, chubwi, vikaenda zake. Tangu siku hiyo Mamba hujilaza juani kinywa wazi, na ukimtajia habari za kufunga mlango hugeuka akaingia majini.

Sasa harusi ikaisha. Wageni walikula, walicheza, wakaanza kufunga mizigo. Mama Kanga ndiye aliyeuliza kwanza. Akauliza, na kurudi je?

Watu wote wakamgeukia Bi Kindi. Yeye aliyejua umande na salamu na matandiko, yeye aliyepanga nani atangulie na nani afuate, alisimama akawatazama. Hakuwa amepanga kurudi. Hakuwa amefikiria hata kidogo. Fikira zake zote zilikuwa zimeishia pale mlangoni, kama vile baada ya hapo dunia haina siku nyingine.

Digidigi akaanza kulia. Nungunungu akasema shamba lake la viazi limebaki peke yake. Babu Kobe akasema yeye nyumba yake anayo mgongoni, lakini anawasikitikia wenzake. Ikabidi Bi Kindi awaambie ukweli, kwamba Mamba hatadanganyika mara ya pili, kwa hiyo watakaa hapa mpaka mto ukauke, na hakuna ajuaye utakauka lini.

Aliposema hivyo alimtazama Mwanaidi, akitaka kumwomba radhi kwa kumletea mzigo huu wa wageni. Mwanaidi alikuwa ameinamisha uso chini kabisa, kama mwari anayeona haya, na ameuvuta ushungi mpaka mdomoni. Watu wakadhani anawahurumia.

Lakini Bi Kindi alimlea tangu hajafumbua macho. Aliyaona mashavu yake yanavyotetemeka chini ya ushungi, akajua mtoto anajitahidi kwa nguvu zake zote watu wasione jinsi alivyofurahi.

Bi Kindi hakumwambia mtu.

Hadithi yangu imevuka, mimi nimebaki ukingoni.

— Tumeiona ikipita, haikulowa.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mtu asifunge safari kabla hajapanga namna ya kurudi, maana atakuja kuteseka sana kama Bi Kindi, ambaye alikula na Mwanaidi asubuhi, na mchana, na jioni, akanenepa. Na funzo la pili ni kwamba mlangoni pa watu tufunge midomo yetu kwa adabu, tutapewa zawadi kubwa. Asiyeamini akamwulize Mamba.