Kwa Nini Maji Huanzia Shamba la Mwisho

Mmeniuliza, wajukuu zangu, kwa nini mfereji wetu unatoka juu mlimani lakini shamba la kwanza kupata maji ni la chini kabisa. Haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Zamani mwenye shamba la juu alimwagilia kwanza, kisha akamwachia aliye chini yake. Wa juu kabisa alikuwa Mchome. Alifungulia maji mpaka migomba yake ikasimama kwenye matope, naye akaenda kulala. Wa mwisho alikuwa Nakijwa, mjane. Kwake ulifika unyevu tu. Mwaka mmoja mahindi yake yalianza kujikunja kabla ya kutoa mbelewele, na ndugu wa mumewe wakamshauri ahamie tambarare, aliache shamba alimozikwa mumewe.

Wazee waliweka walinzi wa mfereji. Wenye mashamba ya juu wakawapelekea pombe ya miwa, walinzi wakasinzia. Ikawekwa faini ya mbuzi. Watu wakajifunza kuiba maji alfajiri, na majirani wakaacha kusalimiana. Kaa walitoboa kingo, lakini hakuna aliyeziba. Kila mtu alisema tundu liko chini ya shamba lake, halimhusu.

Nakijwa akaenda barazani. Mchome akamtania, "Shemeji, maji yatakuja kwako yakishachoka kwangu."

Watu wakacheka. Nakijwa naye akacheka kidogo.

"Simlaumu Mchome," akasema. "Ningekaa kwake, ningefanya kama yeye. Naomba zamu ianzie kwangu, ipande kwenda juu."

Mzee Senkoro, msimamizi wa mfereji, akakubali wajaribu mpaka mavuno.

Siku ya kwanza ya zamu mpya, Mchome alionekana akishuka na jembe. Sasa yeye ndiye wa mwisho, na kila tundu lilimcheleweshea maji. Akaziba matundu ya kaa kwa udongo, akaondoa majani, mpaka akafika kwa Nakijwa.

"Bado tu, shemeji?"

"Mahindi yana kiu ya siku nyingi. Keti."

Hakuketi. Alimsaidia kugawa maji mitaroni ili amalize upesi. Mahindi yakatoa mbelewele, na Nakijwa hakuhama.

Na tangu siku hiyo maji yetu huanzia chini, na walinzi wakarudi kulima, maana anayeiba maji njiani huichelewesha zamu yake mwenyewe. Mkimwona mwenye shamba la juu akisafisha mfereji wa jirani wa chini, msalimieni vizuri, lakini msimwite mtakatifu. Ni Mchome yuleyule. Kilichobadilika ni zamu.