Zaina wa Ukutani na Mwindaji Asiye na Haraka

Hadithi hii nimepewa na wifi yangu Somoe, yule wa Mtwara. Nilipomuuliza yeye kaipata kwa nani, alicheka tu, akasema sikiliza kwanza, wifi, utajua mwenyewe. Basi na nyinyi sikilizeni kwanza. Asiyeelewa asinikatize, aulize mwisho.

Palikuwa na binti mmoja kule Ujiji, anaitwa Zaina. Amemaliza shule, anangoja majibu ya mtihani, na kazi za nyumbani akishazimaliza hana la kufanya. Akaingia kwenye mchezo wa simu, huo ambao hata humu ndani wapo wanaoucheza, nawajua.

Mchezo wenyewe nilieleweshwa hivi. Ndani ya simu mna boma la kizamani, kuta nene, vyumba vingi, giza. Wanaingia watu watano, kila mmoja yuko kwao, na mara nyingi hata hawajuani sura. Wanne wanajificha. Mmoja ni mwindaji, ana shoka. Wanaojificha kazi yao ni kuwasha taa za boma. Zikiwaka zote, lango linafunguka, na anayetoka ameshinda. Mwindaji akikukamata anakubeba begani, anakufungia kizimbani, na hutoki humo mpaka mwenzako aje akufungulie.

Nikasema, kumbe ni kombolela. Ni kombolela ile ile yetu, ila siku hizi wanacheza wamekaa.

Zaina alikuwa anacheza na shoga yake wa tangu utotoni, Kashindi, pamoja na kaka zake Kashindi wawili. Wanakaa mkeka mmoja barazani kwa kina Zaina, kila mtu na simu yake, sahani ya mihogo katikati. Kashindi ndiye aliyekuwa na mbio. Anawasha taa huku, anatokea kule, anawafungulia wenzake, mwindaji anabaki anazunguka na shoka lake kama aliyepoteza mbuzi.

Zaina yeye alikuwa mwoga. Akisikia tu ule mlio unaotoka mwindaji akikaribia, vidole vinamtetemeka.

Sasa, mafundi waliotengeneza lile boma walikosea mahali. Nyuma ya tanuri la mikate pana ukuta, na mtu akichuchumaa na kuruka kwa pamoja, ukuta unammeza. Anakuwa ndani ya ukuta. Yeye anawaona wote, ila shoka la mwindaji halimfikii hata likipigwa mpaka kesho. Vijana wanaita bagi. Zaina alilipata kwa bahati, siku anakimbia na vidole vikamteleza.

Kuanzia siku hiyo hakukamatwa tena. Mchezo ukianza tu, huyo, tanurini, ukutani, kimya.

Na alikuwa anapenda kuwaangalia wawindaji akiwa humo ndani, maana hakuna wawili waliofanana. Mmoja alipiga ukuta kwa shoka mpaka akachoka. Mwingine alimbembeleza kwa maneno matamu kama anaposa. Yupo mmoja aliyeanza kucheza ngoma mbele ya tanuri, anazunguka, anainama, anazunguka tena, mpaka Zaina akacheka hadi machozi. Lakini mwisho wao ulikuwa mmoja. Wote walichoka wakaondoka, na sheria ya mchezo ni kwamba mwindaji akiondoka kabla haujaisha, ameshindwa.

Basi Zaina akapata jina. Nchi nzima wanaocheza mchezo ule wakamwita Hakamatiki. Jina hilo alilipenda, jamani. Aliliandika kwenye kioo cha simu, akifungua tu linamtazama.

Kashindi ndiye hakulipenda. Alimwambia Zaina, siku moja wakimenya mihogo, kwamba yeye ushindi huo hauoni utamu. Kila siku wanakamatwa wao watatu, wanakaa kizimbani, wanamngoja mtu aliyejichimbia ukutani na wala haji kuwafungulia.

"Kwani hatushindi?" Zaina akauliza.

"Anashinda ukuta," Kashindi akasema. "Sisi tunakaa kizimbani."

Niliposikia hapo nikamkumbuka mtoto mmoja wa mtaani kwetu zamani. Tukicheza kombolela, yeye alikuwa anakwenda kujificha kwao. Anakula, anaoga, analala. Sisi tunamtafuta mpaka adhana inaingia, tunachapwa na mama zetu kwa kuchelewa. Asubuhi anakuja kifua mbele, anasema jana mlinikosa. Kukosa tulikukosa, lakini ulikuwa umejificha wewe, au ulikuwa umerudi kwenu?

Haya. Ikaja fainali ya mikoa yote, Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Watu wengi walikuwa wanaangalia kwenye simu zao. Na mwindaji waliyepangiwa alikuwa anajulikana kwa jina lake la mchezoni tu, Sina Haraka. Huyo hakuna aliyewahi kumshinda, na hakuna aliyejua ni nani. Wengine walisema askari mstaafu. Wengine walisema siyo mtu, ni mashine. Alikuwa hapigi mbio hata siku moja. Anatembea polepole, na anafika.

Kabla hawajaanza, Kashindi akamshika Zaina mkono.

"Leo usiingie ukutani," akasema. "Leo cheza na sisi. Ukiingia, shoga yangu, mimi na wewe mkeka huu hatukai tena."

Zaina akaahidi. Na aliahidi kwa moyo kabisa.

Mchezo ukaanza vizuri. Kashindi akawasha taa moja baada ya nyingine, hata Zaina akawasha yake, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Ikabaki taa moja tu, ile ya langoni. Hapo ndipo Sina Haraka akaanza kuokota watu. Akamchukua kaka mkubwa, kizimbani. Akamchukua mdogo, kizimbani. Zaina akasikia ule mlio unakuja upande wake, polepole, bila wasiwasi, na Kashindi anamwita kwamba naye kakamatwa, amebaki Zaina tu, aje awafungulie.

Kichwani Zaina alikuwa anakwenda vizimbani. Vidole vikampeleka tanurini.

Ukuta ukammeza.

Pale mkekani Kashindi aliigeuza simu yake kifudifudi, akaanza kutafuta kandambili zake. Kaka yake akamwambia angoje mchezo uishe, na akakaa, lakini alikaa amewapa mgongo.

Sina Haraka akafika mbele ya tanuri. Zaina akangoja apige shoka. Hakupiga. Akangoja atukane. Hakutukana. Mwindaji akalaza shoka chini, akakaa juu ya mtungi uliopinduka, akatulia, kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa.

Muda ukapita. Mihogo ikapoa. Zaina akiangalia mgongo wa Kashindi, roho ikawa inamsuta, mwisho akaamua: acha nitoke, nikimbie vizimbani, litakalokuwa na liwe.

Akachuchumaa na kuruka. Hakutoka. Akajaribu tena, kulia, kushoto. Wapi. Ndipo akagundua jambo ambalo siku zote hakulijua. Hakuwahi hata mara moja kutoka ukutani yeye mwenyewe. Siku zote mwindaji ndiye aliyeondoka, mchezo ukaisha. Lile tundu lilikuwa na mlango wa kuingilia tu.

Na huyu wa leo haondoki. Zaina akizima simu, amehesabiwa amekimbia na wenzake wote wameshindwa. Asipozima, ndiyo hivyo, watu watatu vizimbani na mmoja ukutani, mpaka lini?

Ndipo sauti ikatoka kwenye simu. Zaina alitegemea sauti ya dume lenye misuli. Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, na nyuma yake kuku wanalia.

"Wewe wa ukutani, hujambo humo?"

Zaina akababaika. Mtu anakuwinda na shoka, utamjibu nini? Lakini malezi ni malezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumekubana?"

Kaka zake Kashindi wakaangua kicheko mpaka chai ikamwagika. Hata Kashindi mabega yalimtikisika, ingawa hakugeuka.

Zaina akasema ukweli, kwamba ameshindwa kutoka. Yule mama akajibu kwamba alijua. Wiki nzima alikuwa akiingia bomani peke yake kuugusagusa ule ukuta, maana alikuwa anasikia habari za Hakamatiki na akatamani kujua mtu huyo anaponea wapi. Akaingia mwenyewe, akanasa, ikabidi azime simu. Kisha akajaribu pamoja na mjukuu wake, akapata jambo moja. Aliye nje anaweza kumvuta aliye ndani, kama wachezaji wanavyovutana madirishani, ila sharti aliye ndani anyooshe mkono mwenyewe.

"Wenzako nimewafungia," akasema. "Aliye nje ni mimi tu. Haya, mla migebuka ya ziwani Ujiji, nipe mkono."

Zaina akaelewa. Kumpa mwindaji mkono ni kukamatwa. Watu wote wale wanaangalia. Lile jina kwenye kioo cha simu lilikuwa linakwenda na mkono huo huo.

Akamtazama Kashindi. Kandambili alikuwa ameshazivaa.

Zaina akanyoosha mkono.

Mwindaji akamvuta, ukuta ukamtema, akawekwa begani. Watu kote wakawa wanaandikiana, Hakamatiki kakamatwa, Hakamatiki kakamatwa. Sina Haraka akatembea naye polepole mpaka kwenye vizimba. Cha nne kilikuwa wazi, kinangoja. Akafika mbele yake.

Akakipita.

Akaenda hatua chache mbele, akamshusha Zaina chini, akarudi nyuma kidogo, akasimama.

"Mbona hunifungii?" Zaina akauliza.

"Mwanangu, mimi nimevunjika mguu," yule mama akasema. "Tangu masika niko kitandani, natazama dari. Wajukuu wakanipa simu hii. Naingia humu nione watu wakikimbia. Wengine wote nimewaona. Wewe tu sijakuona, na nimekungoja sana. Sasa nahesabu mpaka ishirini, kisha nakuja, na usidhani nitakuachia. Kimbia."

Pale mkekani Kashindi akageuka, akaichukua simu yake.

Zaina akakimbia. Loo, alikimbia vibaya. Alijigonga kisimani, akaingia chumba kisichokuwa na mlango wa pili, akarudi, akajigonga tena pale pale. Kashindi akawa anacheka na kumwelekeza kwa pamoja, kulia shoga, kulia, kulia ndiyo huko uliko mkono wa kulia wali. Akafika, akamfungulia Kashindi. Kashindi akaruka kwenda kuwasha ile taa ya langoni. Zaina akamfungulia kaka mkubwa. Lango likafunguka, Kashindi huyo nje, kaka huyo nje, wakampigia kelele Zaina atoke.

Kilibaki kizimba kimoja, na mle alikuwemo mdogo mtu.

Zaina alikuwa langoni kabisa. Alisikia ule mlio unakuja. Vidole vilimtetemeka vile vile, maana uoga hautoki kwa siku moja. Lakini safari hii vikaenda alikovituma. Akarudi.

Alikifungua kile kizimba, na mtoto wa watu akachomoka kama panya, akatoka. Zaina yeye akanaswa karibu na kisima chake, kile kile cha kujigonga.

Akafungiwa. Kizimba chake cha kwanza tangu ajue lile tundu.

"Ahsante, mwanangu," ile sauti ikasema. "Unakimbia kama bata. Lakini nimekuona."

Watatu wametoka, mmoja kakamatwa, na mchezo unahesabu wengi. Fainali wakawa wamemshinda Sina Haraka, wa kwanza kumshinda. Zaina alikuwa ameinamia simu, analia, hajui hata analia nini. Kashindi akamsogezea sahani ya mihogo, akavua kandambili, akazitupa huko.

"Umecheza," akamwambia.

Jina la Hakamatiki likaisha siku hiyo. Mafundi waliposikia wakaja wakaziba lile tundu. Lakini mpaka leo vijana wakikutana wakihadithiana michezo waliyowahi kuiona, ile mingi ya ukutani hakuna anayeikumbuka. Wanaoutaja ni ule mmoja tu, aliokamatwa.

Na mguu wa wifi yangu Somoe sasa umepona, anatembea kwa mkongojo mpaka sokoni. Ndiyo, ni yeye. Mimi mwenyewe nilikaa naye siku nzima, nakunywa chai yake, nisijue kwamba naongea na mwenye shoka. Zaina anampigia simu kila Ijumaa, wanataniana, huyu mla korosho wa Mtwara, yule mla migebuka.

Kama una mwenzako anayejificha mahali watu hawamfikii, mtumie na yeye aisikie.

Funzo: Mahali ambapo adui hawezi kukufikia, rafiki naye hawezi kukufikia. Afadhali ukamatwe ukienda kumfungulia mwenzako kuliko kushinda peke yako ndani ya ukuta.

Haya, maswali yenu kesho. Leteni hizo simu hapa kwenye kapu langu, zote, na ile iliyofichwa chini ya mto naiona. Kalaleni.